Antena nyepesi inapokataa: dalili, vyanzo na pa kuanzia

Nilipewa dakika arobaini niwaeleze wenzangu wa redio ya ridhaa (wanaowasiliana hewani kwa kupenda tu, si kwa biashara) kuhusu antena nyepesi za kubeba. Tulikutana nje kidogo ya mji wa Dodoma, chini ya mbuyu. Nilizungumza kama dakika kumi hivi. Zilizobaki zilikwisha tukitafuta kwa nini antena yangu mwenyewe haitulii.

Waya wa mita 20 ulikuwa umepanda vizuri, kamba ilipita juu ya tawi mara ya pili tu ya kuitupa, na SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena badala ya kupokelewa) ilisoma 1.4 kwenye bendi ya mita 40, yaani karibu 7 MHz. Nikawa nimeanza kujisifu. Mzee mmoja wa eneo lile aliyekuja kutazama akasimama mbele ya kebo iliyolala njiani, akanisalimu kwa Kigogo. "Mbukwa, kijana. Hii kamba yako niisogeze nipite?" Nikamjibu asogeze tu. Akainyanyua, akaiweka pembeni hatua mbili. Mita ikapanda hadi 2.2.

Mzee hakugusa antena, aligusa kebo tu. Ila kebo ile ilikuwa sehemu ya antena bila mimi kuipa kazi hiyo. Mkondo unaoingia kwenye waya wa juu lazima upate mahali pa kurudia: kwenye upande wa pili wa dipoli (antena ya nyaya mbili sawa inayolishwa katikati), kwenye nyaya za ardhini, au usipoupa njia, kwenye ngozi ya kebo yako, maikrofoni yako na mkono wako. Antena ya nyumbani yenye mlingoti na ethi nzuri inavumilia uzembe huo. Nyepesi haivumilii. Ndiyo maana kila dalili hapa chini nauliza swali lilelile: nusu ya pili iko wapi?

Tukubaliane kwanza kuhusu SWR. Ikiwa 1, nguvu yote inapokelewa na antena. Ikiwa 2, kama asilimia 11 inarudi nyuma. Ikiwa 3, asilimia 25. Yaani 2 si msiba, na 1.1 si cheti cha kwamba unasikika. Na kama bado huna leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) na ishara yako ya wito inayoanza na 5H, vipimo vya kupokea unaweza kuvifanya leo. Vya kurusha vitakusubiri.

Kabla ya kupanda mti

Itoe antena kwenye kesi. Chukua rezista 20 za kilo-omu 1, nusu wati kila moja, uzilehemu sambamba. Unapata mzigo bandia wa kusimama badala ya antena, omu 50 zinazohimili wati 10 kwa muda mfupi, na gharama yake ni ndogo kwa fundi redio yeyote. Ziwe za kaboni au za filamu. Zile za waya uliosokotwa ndani ni koili mbele ya redio, zitakudanganya.

Funga mzigo huo bandia moja kwa moja kwenye redio, pima. Kisha uhamishie mwisho wa kebo, pale antena inapoanzia, pima tena. Kipimo cha kwanza kikiwa 1.1 na cha pili kikaruka hadi 3, acha waya wako juu ya mti ulivyo. Ugonjwa uko kwenye kebo au konekta. Mara nyingi ni konekta iliyolehemiwa kwa pasi isiyo na moto wa kutosha: lehemu imekaa juu kama tone la uji, haijashika.

Angalizo moja kwa wenye multimita. Dipoli ya kawaida isiyo na transfoma inatakiwa isome wazi kati ya waya wa katikati wa kebo na wavu wake. Antena ya kulishwa ncha moja yenye transfoma inasoma karibu na sifuri, kama vile kuna shoti. Si shoti, ni waya wa transfoma yenyewe unaopitisha mkondo mnyoofu. Transfoma nzima imewahi kuvunjwa mbele yangu kwa sababu hiyo.

SWR iko juu kila bendi, na haisogei ukibadili masafa

Hapa kuna kitu kimekatika au kimegusana. Urefu wa waya haukuhusu; antena ndefu au fupi kupita kiasi bado ingekuwa na mahali fulani inaposhuka.

Anzia pale waya unapojikunja kila siku: kwenye fundo la mwisho, kwenye kiunganishi cha katikati, kwenye mdomo wa kisanduku cha transfoma. Waya mwembamba wenye ganda la plastiki unakatika ndani huku nje unaonekana mzima. Ushike kwa vidole viwili, sentimita tano huku na tano kule, uvute taratibu. Ukiwa mzima hausogei. Ukiwa umekatika ndani, ganda linarefuka kama ulimbo na kuwa jembamba katikati. Nimewahi kuzunguka na waya wa namna hiyo wiki mbili, nikiulaumu mti.

Dawa si kulehemu tu, maana utakatika tena palepale. Pitisha waya kwenye matundu mawili au matatu ya kipande cha plastiki (kifuniko cha ndoo kinatosha) ili mzigo wa kuvuta ubebwe na plastiki, na sehemu iliyolehemiwa ining'inie bila kazi.

Kwa antena za fimbo za kuvutika, mshukiwa ni vumbi letu jekundu. Linaingia kwenye viungo, kila pingili inakuwa na mguso wake. Futa kwa kitambaa kikavu pingili moja moja. Usipake grisi wala mafuta, utatengeneza sandipepa.

SWR inashuka, ila si mahali unapotaka

Hii ni dalili njema kuliko zote, maana ni hesabu tu. Nusu wimbi kwa mita ni 143 ugawanye kwa megahezi. Kwa 14.2 unapata kama mita 10.07, yaani mita 5 na kidogo kila upande wa dipoli. Ganda la plastiki linautaka waya uwe mfupi kwa asilimia mbili au tatu zaidi ya waya mtupu.

Ikishuka chini ya unapotaka, waya ni mrefu. Tuseme una mita 10.30 na bonde, yaani pale SWR inaposhuka zaidi, liko 13.8 badala ya 14.2. Zidisha 10.30 kwa 13.8, gawanya kwa 14.2, unapata 10.01. Punguza sentimita 29, nusu kila upande. Usikate. Kunja ncha irudi juu ya waya wenyewe, uifunge kwa utepe wa umeme, upime. Waya uliokunjwa utakunjuka, uliokatwa umekatwa.

Sababu mbili zinawachanganya watu wa huku kwetu. Ya kwanza ni majira. Antena uliyoipima Oktoba, ardhi ikiwa imepasuka na miti haina jani, itashuka masafa kidogo Januari udongo ukishalowa na majani yakiwa yamezunguka waya. Hasa kama imefungwa chini ya mita 5. Hakuna kilichoharibika.

Ya pili ni fimbo ya kuvulia samaki inayotumika kama mlingoti. Zile za faibaglasi ni salama. Za kaboni zinapitisha umeme. Ukiuzungushia waya kwenye fimbo ya kaboni umeweka chuma kando ya antena yako, na kila ukirefusha pingili moja kipimo kinahama. Mwuzaji hatakwambia, yeye anauza ya samaki. Mwanzi mkavu ni bora kuliko kaboni, ingawa bodaboda hapendi kuubeba.

SWR nzuri kabisa, lakini hakuna anayenisikia

Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu mita inakupongeza huku nguvu inapotea.

Mshukiwa wa kwanza ni kebo nyembamba. RG-174 inapendwa kwa kuwa inaingia mfukoni. Mita 5 hazina neno. Mita 20 kwenye 28 MHz zinameza zaidi ya nusu ya nguvu yako kabla haijafika kwenye waya, na kinachorudi nacho kinamezwa njiani, kwa hiyo mita inaona kidogo sana kikirudi. Jaribu hili: kwa kebo ya urefu huo, chomoa antena kabisa mwisho wake. Mita ya redioni bado itasoma chini ya 3. Kebo yenyewe imekuwa mzigo bandia. Kama unahitaji umbali, beba RG-58 na uvumilie uzito, au sogeza redio karibu na mti.

Wa pili ni transfoma. Ile ya kawaida ya antena ya ncha moja ina mizunguko 2 upande wa redio na 14 upande wa waya, hivyo inabadili omu 50 kuwa 2,450. Pete ndogo ya feraiti inayofaa wati 5 za sauti itachemka ukirusha wati 20 za FT8 (ujumbe mfupi wa kidijitali unaotumwa kwa kompyuta), kwa sababu FT8 inarusha karibu sekunde 13 katika kila zamu ya sekunde 15, haipumui kama sauti ya mtu. Rusha dakika mbili, zima redio kabisa, kisha gusa pete. Uvuguvugu ni kawaida. Ikikuunguza, wati zako zinapasha moto pete. Kupima bila waya, unganisha rezista ya kilo-omu 2.2 na ya omu 220 mfululizo mahali pa antena: SWR ikiwa karibu na 1 bendi zote unazotumia, mizunguko iko sawa.

Wa tatu ni ardhi, na kwa Dodoma huyu ndiye namba moja. Antena ya wima ya robo wimbi inategemea ardhi kuwa nusu yake ya pili. Udongo wetu wa kichanga juu ya mawe ya matale, baada ya miezi sita bila mvua, ni kipitishi dhaifu. Sasa angalia mtego. Juu ya ardhi bora kabisa, antena hiyo ina kama omu 36, na SWR yake ni 1.4. Ukiiweka kwenye ardhi mbovu inayoongeza omu 14 za hasara, jumla inakuwa 50, na SWR inakuwa 1 kamili. Unashangilia, kumbe zaidi ya robo ya nguvu inapasha mchanga. Hasara ikifika 36, jumla ni 72, SWR inarudi 1.4, na nusu ya nguvu imekwenda. Kipimo kilekile cha 1.4, antena mbili tofauti kabisa.

Njia ya kuzitenganisha antena hizo mbili ni kuongeza nyaya za ardhini. Tandaza mbili, pima. Ongeza mbili, pima. Ukiona SWR inapanda kutoka 1 kuelekea 1.4 kadiri unavyoongeza, usiogope, hasara ndiyo inayoondoka. Nikilisema hili watu hudhani nimekosea. Nyaya nyingi fupi zilizolala chini zinasaidia kuliko mbili ndefu. Ila kwa mtu anayebeba begi mgongoni, nashauri jambo lingine: nyanyua nyaya nne za mita 5 kila moja, kwa bendi ya mita 20, kiasi cha mita moja juu ya ardhi, uzifunge kwenye vijiti au vichaka, na antena nayo uinyanyue kiasi hicho. Mkondo unaacha kupita mchangani.

Au achana na wima, tundika dipoli. Yenyewe imekuja na nusu zake mbili.

Wa nne si antena kabisa. Saa kumi na moja jioni upo kwenye bendi ya mita 20 (14 MHz) na wati 5, unamwita mwenzako Dar es Salaam, kimya. Anajibu mtu wa Italia. Umerogwa? Hapana. Dar es Salaam iko kama kilomita 400 kwa mstari ulionyooka: mbali mno kwa wimbi linalotambaa ardhini, karibu mno kwa wimbi la 14 MHz linaloruka angani na kutua mbali. Mwenzako yuko kwenye ukanda wa ukimya. Hamieni wote wawili bendi ya mita 40, na dipoli yako uishushe hadi mita 5 au 8 kutoka ardhini ili nguvu ipande karibu wima na kurudi chini. Arusha na Mwanza pia zinaangukia humo. Asubuhi na alasiri ndiyo nyakati nzuri. Jua la utosi linameza sehemu ya nguvu, na usiku wa manane bendi inarefuka tena na jirani anapotea.

Kabla hujamlaumu yeyote kati ya hao wanne, sikiliza 14.100 MHz. Pana mtandao wa vituo vya ishara 18 duniani vinavyopokezana, kila kimoja sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3. Cha Kenya kinajitambulisha 5Z4B, cha Afrika Kusini ZS6DN. Kila kituo kinataja jina lake kwa Morse, kisha mistari minne mirefu: wa kwanza wati 100, halafu 10, halafu 1, wa mwisho moja ya kumi ya wati. Hesabu mistari unayoisikia. Antena hii inakupa miwili, ile inakupa mitatu: umepima tofauti ya karibu desibeli 10 kwa masikio yako tu. Rudia mizunguko mitano, maana mawimbi yanapanda na kushuka.

Maikrofoni inauma, au kompyuta inaganda ukirusha

Ni kesi ya mzee na kebo. Mkondo umekosa pa kurudia, umepita nje ya wavu wa kebo hadi kwako.

Tulichofanya siku ile ni mambo mawili. Tulifunga waya wa mita 2 kwenye upande wa ardhi wa transfoma, ukaning'inia kuelekea chini, ndiyo nusu ya pili fupi kwa bendi ya mita 40. Kisha tukaizungusha kebo nyembamba mara 11 kwenye pete kubwa ya feraiti karibu na redio, na kebo kati ya pete na transfoma tukaiacha palepale. Mita ikasoma 1.6. Nikamwomba mzee ainyanyue tena. Akainyanyua, akaitikisa kabisa. 1.6. Akauliza kama sasa anaweza kukaa juu yake.

Kumbuka kilisoma 1.4 mwanzoni. Kile cha 1.6 ndicho cha kweli.

Kelele zinafunika kila kitu

Ukiwa mjini, endesha redio kwa betri na uzime swichi kuu ya nyumba. Kelele zikikatika, mwizi ni wako: taa za LED, king'amuzi, chaja ya simu, kidhibiti cha sola. Washa kimoja kimoja. Zisipokatika, tembea na redio ndogo ya AM kufuata zinakozidi. Pete ileile ya feraiti inasaidia hapa pia, kwa kuwa kelele za nyumbani hupanda kwenye ngozi ya kebo kwa njia hiyohiyo.

Ukiwa porini na bado unasikia mkwaruzo unaopanda na kushuka na upepo, ni vumbi. Chembe kavu zinazogonga waya zinaubebesha chaji. Waya wenye ganda unasaidia, na rezista ya kilo-omu 100 kutoka waya wa katikati hadi wavu wa kebo inaimwaga chaji polepole bila kuibia redio. Antena yenye transfoma tayari ina njia hiyo.

Kipimo kinacheza na upepo

Umeufunga waya kwenye mti unaoyumba. Mbuyu hauyumbi, mkaratusi unayumba. Usifunge ncha kwa kukaza. Pitisha kamba juu ya tawi na uning'inize chupa ya maji ya lita moja na nusu upande wa pili. Mti ukienda, chupa inapanda. Ukirudi, inashuka, na waya unabaki umenyooka vilevile. Mgunga uepuke: kamba iliyonasa kwenye miiba yake haitoki.

Milio mikali redioni, mawingu yakijikusanya

Kuanzia Desemba utaisikia redioni kabla hujaona mwanga wa radi: tak, tak, halafu kimya, halafu tak. Hapo hakuna cha kupima wala cha kurekebisha. Chomoa kebo kwenye redio kwanza, shusha waya, ondoka chini ya mti, ingia kwenye gari na ufunge vioo.